ILHAMU
Ilhamu, katika istilahi ya wanafalsafa na wanatasaufi, ni elimu iingiayo moyoni mwa mtu pasi na mwalimu wala hoja, nayo hupambanuliwa na wahyi, ambao ni wa mitume peke yao. Al-Ghazali (1058–1111), ambaye mwaka 1095 ulimi wake ulifungika huko Baghdad asiweze kusomesha, wala tonge wala mchuzi usipite kooni, ameeleza kwamba shaka iliyomshika kabla ya hapo haikuondolewa kwa kupanga hoja, bali kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake. Thomas Hobbes wa Uingereza, katika Leviathan (1651), hakuridhika na madai ya namna hiyo: asemaye kwamba Mungu amesema naye ndotoni, kwake huyo amesema tu kwamba ameota Mungu akisema naye. Hoja ni kali. Lakini, kwa insafu, yamfaa zaidi jirani anayetakiwa kusadiki kuliko yule aliyesikia. William Alston wa Marekani, mwaka 1991, alijibu kwamba hata macho hayathibitishiki ila kwa kuyatumia. Hata hivyo, wanazuoni wengi wa usuli, yaani misingi ya sheria ya Kiislamu, hawaihesabu ilhamu kuwa hoja ya sheria.