Kabla hujaichoma prosesa yako, jua ovakloki ilitoka wapi

Kila wiki kwenye inboksi naulizwa swali lile lile: "Niaje bro, naeza ovakloki kompyuta yangu ya mezani bila kuichoma?"

Swali ni zuri. Shida ni kwamba video nyingi mnazotazama zimerekodiwa na wasee wanaokaa kwenye chumba cha nyuzi 20, na chipu ikiungua wanatumiwa nyingine bure. Sisi tuko Malindi, Kilifi, Mtwapa. Machi, saa nne usiku, chumba chenyewe bado kinachemka, na hiyo kompyuta moja ndiyo inahariri video za harusi na kulipa kodi. Kwa hivyo leo hatuanzi na mipangilio. Tunaanza na historia, kwa sababu kila kitu kinachoua prosesa kilishaua za wengine kabla yetu.

Kuovakloki ni kuilazimisha prosesa ipige mapigo mengi kwa sekunde kuliko iliyoandikiwa. Ile 3.2 GHz ni mapigo bilioni 3.2 kila sekunde. Chipu nyingi zinakatwa kutoka kisahani kimoja cha silikoni, kisha zinapimwa. Zinazohimili kasi zinauzwa ghali, zilizobaki zinauzwa rahisi. Na soko likidai za bei ya chini kwa wingi, hata chipu nzuri zinaandikwa namba ndogo. Mwanya ni huo. Unalipia namba iliyoandikwa, uwezo wenyewe unaweza kuwa mkubwa zaidi.

Watu waliuona mwanya huo mapema sana. Agosti 1981 IBM ilitoa PC yake yenye Intel 8088 ya 4.77 MHz. Kwani 4.77 ni namba gani hiyo? Chipu yenyewe iliweza 5. Ila ndani kulikuwa na kristali moja ya 14.318 MHz iliyochaguliwa ili ioane na rangi za televisheni za Marekani, na kuigawa kwa 3 kuliokoa pesa. Basi, kasi ya kompyuta maarufu zaidi duniani ilitokana na kubana matumizi.

Mwaka 1984 ikaja IBM AT, kristali ya 12 MHz, prosesa ikipiga 6. Ile kristali ilikuwa imechomekwa kwenye soketi, haikuchomelewa. Wajanja wakaichomoa, wakaweka ya 16, prosesa ikapiga 8. Hakuna kulehemu, hakuna kununua mashine mpya. IBM haikufurahia hata kidogo. Mwishoni mwa 1985 BIOS mpya ilikuwa inapima kasi wakati wa kuwaka, na ikikuta umeongeza, inagoma. Sijui kama mnaona kinachotokea hapo. Mashine ni yako, umeilipia, lakini kasi yake bado ni ya muuzaji. Ugomvi huo haujaisha mpaka leo.

Sura tamu kuliko zote ni ya 1998. Intel ilitoa Celeron 300A, chipu ya watu wa bajeti. Hesabu yake: bodi inapiga 66 MHz, prosesa inazidisha kwa 4.5, unapata 300. Kile kizidishi cha 4.5 Intel walikuwa wameshakifunga, na walikuwa na sababu ya maana, maana kulikuwa na wafanyabiashara walaghai wanaofuta namba kwenye chipu rahisi na kuandika kubwa. Lakini mapigo ya bodi hayakufungwa. Ukipandisha bodi kutoka 66 hadi 100, chipu hiyo hiyo inakwenda 450 MHz. Nyongeza ya nusu nzima! Na bodi kama Abit BH6 zilikuruhusu kufanya hivyo ndani ya BIOS bila kufungua boksi. Mwanafunzi mwenye Celeron alicheza gemu kwa kasi inayokaribia ya Pentium II ya 450, ambayo bei yake ilikuwa mara kadhaa.

Miaka michache baadaye wenye AMD Athlon na Duron wakagundua vidaraja vidogo vya shaba juu ya chipu vilivyokatwa ili kufunga kizidishi. Wakaviunganisha kwa penseli. Penseli ya shule, ile ile ya KCPE. Risasi ya penseli ni grafaiti, na grafaiti inapitisha umeme. Mimi nikiambiwa nichague shujaa wa historia hii, nachagua aliyejaribu penseli kwanza.

Sasa tuje kwa maafa. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilitoa video wakichomoa kipoza juu ya prosesa zikiwa zinafanya kazi. Pentium 4 ilijipunguza kasi ikaishi. Athlon ilitoa moshi. Siku hizi prosesa zote zina ulinzi huo, zikipata joto zinajibana, kwa hivyo joto peke yake si rahisi likuue chipu ghafla.

Kinachoua ni volti. Baada ya Pentium 4 aina ya Northwood kutoka mwaka 2002, watu waliipandishia volti kuelekea 1.7 na kupita, ikakimbia vizuri wiki kadhaa, kisha ikafa bila hata kuaga. Umeme mwingi kwenye nyaya nyembamba kuliko unywele unasukuma atomi za waya kidogo kidogo mpaka njia inakatika. Hakuna feni inayozuia hilo. Na hesabu ya moto nayo haina huruma: ukiongeza mapigo asilimia 10, umeme unaoliwa unapanda kama asilimia 10. Ongeza na volti asilimia 10 juu yake, unafika asilimia 33, kwa sababu volti inahesabiwa mara mbili. Hata Intel wenyewe ukuta huo uliwagonga. Oktoba 2004 walifuta Pentium 4 ya 4 GHz waliyokuwa wameiahidi.

Halafu 2011 mambo yakabadilika kabisa. Kizazi cha Sandy Bridge kilipotoka, Intel waliacha wazi zile prosesa zenye herufi K tu, na ukazihitaji na bodi ya aina fulani juu yake. Hila ya asiye na hela ikageuzwa bidhaa ya mwenye hela. Hapa nasema bila kupepesa: hicho kilikuwa kitendo cha uchoyo, na wanaoita ovakloki "anasa ya wapenda gemu" wamesahau ilitoka wapi.

Linatuhusu moja kwa moja. Kompyuta nyingi za mezani tulizo nazo ni mitumba ya ofisi, zile Dell OptiPlex na HP zenye Core i5 isiyo na K. Fungua BIOS uitafute sehemu ya kizidishi, huioni. Haipo. Usikeshe ukiitafuta, na usishushe programu ya ajabu inayoahidi kukufungulia. Doo uliyotaka kununulia kipoza kikubwa, nunua SSD na kipande cha pili cha RAM. Utahisi tofauti kubwa kuliko ovakloki yoyote.

Wenye bahati ni wenye Ryzen. Tangu 2017 AMD waliziacha karibu prosesa zote za Ryzen za mezani zikiwa na kizidishi wazi, tena hata kwenye bodi za bei nafuu kama za B350. Kama unayo hiyo, au una K na bodi yake, basi twende kazi.

Kwanza safisha. Hewa yetu ina chumvi na mchanga laini, vinaganda kwenye mapezi ya kipoza. Futa pesti ya zamani, weka mpya. Sasisha BIOS, na hili si la kupamba: mwaka 2024 Core za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinaharibika kwa sababu maagizo ya Intel wenyewe yalikuwa yanadai volti kupita kiasi, mpaka kampuni ikatoa marekebisho na kuongeza waranti miaka 2. Kiwanda chenyewe kilikosea volti, wewe ni nani uibahatishe?

Baada ya hapo panda 100 MHz tu, volti usiiguse. Pima. Watu wanatumia Prime95, programu iliyotengenezwa kutafuta namba tasa kubwa, na kwa vile hesabu ikikosewa kidogo tu inajulikana, ikawa kipimo cha prosesa inayodanganya. Iache nusu saa ukitazama joto kwenye HWiNFO. Mimi naona ukivuka nyuzi 85 umefika mwisho, hata kama kiwanda kinaruhusu zaidi. Ikizima au ikitoa kosa, rudi hatua moja nyuma na ukae hapo. Wanaotafuta 8 GHz wanamwagia chipu naitrojeni ya maji, sisi tuna feni.

Na usiyaamini matokeo ya Julai. Kipoza hakiwezi kushusha chipu chini ya joto la chumba, kwa hivyo kila nyuzi inayoongezeka nje inaongezeka na ndani. Kusi likivuma kila kitu kinaonekana shwari. Ikifika Februari au Machi, kaskazi imetulia na hewa haisogei, mipangilio ile ile inaanza kukuzimia katikati ya kazi ya mteja. Manahodha wa majahazi walipanga mwaka mzima kwa pepo hizo mbili. Pima mara ya pili msimu wa joto, mchana, dirisha likiwa vile linavyokaa siku zote.

Stima nayo ikipotea wakati unasasisha BIOS, bodi inaweza kufa pale pale. Azima UPS hata ya jirani. Ukishindwa kuiwasha baada ya kubadilisha mipangilio, usilie: zima ukutani, chomoa ile betri ya duara kwenye bodi dakika chache, irudishe. BIOS inasahau ulichofanya.

La mwisho ni kwa wanaonunua K za mtumba. Muulize muuzaji aliyekuwa nayo aliiweka volti ngapi. Akianza kukutajia GHz kwa majivuno na volti haikumbuki, mrudishie.