Gaoling: kilima kilichotoa jina la udongo mweupe

Kabla ya kuwa udongo, kaolini ilikuwa mahali. Kwa Kichina gao ni juu, na ling ni mgongo wa kilima. Gaoling ni kijiji cha vilimani katika jimbo la Jiangxi, karibu na Jingdezhen, mji uliochoma vyombo vya kauri kwa zaidi ya miaka 1,000. Wachimbaji waliutoa udongo kilimani, wakauosha, kisha ukasafirishwa hadi kwenye matanuri ya mji.

Aliyelivusha jina hilo hadi Ulaya ni padri Mjesuiti kutoka Ufaransa, François Xavier d'Entrecolles, aliyekuwa na waumini miongoni mwa mafundi wa Jingdezhen. Barua yake ya mwaka 1712 ilieleza jambo ambalo Wazungu walikuwa wakilitafuta kwa udi na uvumba: kauri ya Kichina hutokana na vitu viwili, jiwe lililosagwa liitwalo petuntse, na kao-lin. Jiwe huyeyuka motoni likashikamana kama nyama. Kaolini haiyeyuki, na ndiyo mifupa ya chombo. Padri alisimulia habari za wafanyabiashara wa Ulaya waliobeba petuntse peke yake hadi kwao, wakaambulia patupu. Mchina mmoja aliposikia aliwacheka: walitaka mwili usimame bila mifupa!

Mwaka 1768 udongo wa aina hiyo ulipatikana Saint-Yrieix, karibu na Limoges, nao ukaitwa kaolini, ingawa Gaoling iko mbali mno na Ufaransa. Tangu hapo jina likaenea kila ulipochimbwa udongo wake, na mwaka 1867 madini yenyewe yakaitwa kaolinaiti. Leo kaolini hulainisha karatasi, hutiwa kwenye rangi na vipodozi, na kwa muda mrefu imetumika katika dawa za kuhara.

Pwani ya Waswahili ilikijua chombo karne nyingi kabla ya kulijua jina la udongo wake. Makaburi ya Kunduchi yalipambwa kwa vyombo vya Kichina vilivyopachikwa ukutani, na Kiswahili kikakipa chombo hicho jina la kombe la baharini: kauri. Waitalia nao walifanya vivyo hivyo, kwani porcellana kwao lilikuwa jina la kombe hilohilo.

Na si mbali na Kunduchi, katika vilima vya Pugu, udongo huo umo ardhini. Mapango ya Pugu yanayokaliwa na popo ni mashimo ya zamani ya kuchimbia kaolini.