Fangasi sugu za ngozi Shelui

Fangasi sugu za ngozi ni maambukizi ya ngozi, nywele au kucha yanayodumu kwa miezi, au yanayorudi kila dawa inapokoma. Shelui, kata ya Wilaya ya Iramba iliyo chini ya mlima Sekenke, kwenye barabara kuu ya Singida hadi Nzega, ina mengi yanayozistawisha: joto la mbuga ya Wembere, jasho la wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaoshinda ndani ya buti, na mashine moja ya kunyolea inayozunguka vichwa vingi. Aina zinazojulikana zaidi ni choa mwilini, mapunye kichwani, fangasi za vidole na za kucha, na mba, ambayo hurudi kwa urahisi kwa sababu vimelea vyake huishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu.

Mara nyingi usugu hutoka dukani. Krimu ya mchanganyiko yenye steroidi huondoa muwasho kwa siku chache, mgonjwa akaamini amepona, kumbe fangasi zinaenea. Baadaye ule ukingo mwekundu wenye magamba unaotambulisha choa hufifia, na hata tabibu mzoefu akapotea. Krimu hizo hazifai kuuzwa kwa mtu ambaye ngozi yake haijachunguzwa.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Magamba hukwanguliwa ukingoni mwa doa, si katikati, yakawekwa kwenye slaidi pamoja na tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi 20. Kemikali hiyo huyeyusha seli za ngozi, nyuzi za fangasi zikabaki wazi. Hadubini inayosoma malaria na makohozi ya kifua kikuu inatosha kabisa. Mgonjwa aliyekuwa akipaka dawa ya fangasi aiache kwa takriban wiki 2 kwanza, la sivyo jibu linaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo. Taa ya miale ya urujuanimno haitoshi kwa mapunye: *Trichophyton violaceum*, kisababishi cha kawaida Afrika Mashariki, hakiwaki chini yake. Doa lisilowasha na lisilohisi mguso wa pamba lishukiwe ukoma hadi ithibitike vinginevyo.

Choa kidogo hutibika kwa klotrimazoli, au kwa mafuta ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki asilimia 6 na ya salisiliki asilimia 3. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na bado inafaa. Upakaji uendelee kwa wiki 1 hadi 2 baada ya doa kutoweka. Mapunye hayaponi kwa kupaka, kwani fangasi zimo ndani ya nywele. Mtoto humeza griseofulvini wiki 6 hadi 8, pamoja na chakula chenye mafuta ili dawa inyonywe vizuri. Kucha za miguuni huhitaji terbinafini kwa wiki 12 hivi. Nyumba nzima ikaguliwe. Anayetibiwa peke yake huambukizwa upya na nduguye wanayelala naye kitanda kimoja.

Maambukizi yaliyosambaa sana au yasiyosikia dawa yafuatiwe na vipimo vya kisukari na VVU, kisha rufaa kwenda hospitali ya Kiomboi au ya Singida. Huko mgonjwa anaweza kuelekezwa kwa wataalamu wa ngozi, wakiwemo wa kituo cha mafunzo cha hospitali ya KCMC mjini Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1992 kuandaa matabibu wa ngozi kwa ajili ya maeneo ya vijijini kama Shelui.