Vyombo vya Kale vya Kupima Ukali wa Vileo

Hapa Unyambwa wazee waliijua pombe ya mtama kwa ulimi, wala hawakuhitaji chombo. Lakini serikali itozayo ushuru haiwezi kuutegemea ulimi wa karani. Ndipo ilipotafutwa njia nyingine.

Hapo kale Waingereza waliloweka baruti katika kileo, kisha wakaitia moto. Ikiwaka, kileo kilihesabiwa kuwa kikali. Isipowaka, kina maji mengi. Jaribio hilo lilidanganya, maana baruti iliyomiminiwa kidogo na iliyomiminiwa sana hazikujibu sawa. Basi mwaka 1816 Bunge lao liliamuru kitumike chombo cha Bartholomew Sikes, nacho ni tufe la shaba lenye kijiti chembamba kilichotiwa alama 0 hata 10, pamoja na vipande tisa vya kuongeza uzito. Alkoholi ni nyepesi kuliko maji. Kwa hiyo kileo kikizidi ukali, tufe huzama zaidi. Na kwa kuwa joto nalo hukifanya chepesi, mpimaji alishika kipimajoto mkononi na kitabu cha hesabu mezani. Waingereza hawakukiacha hata mwisho wa 1979.

Mfaransa Gay-Lussac, mwaka 1824, alichagua hesabu iliyo rahisi zaidi: sehemu ngapi za alkoholi katika mia. Hiyo ndiyo iliyoingia katika mambo ya Afrika. Mkataba wa Brussels wa 2 Julai 1890, ambao Zanzibar nayo ilikuwamo, uliweka ushuru wa faranga 15 kwa lita 100 za kileo chenye nyuzi 50, mahali ambapo hakikukatazwa kabisa. Mwaka 1899 ukawa faranga 70, na mwaka 1906 ukawa 100. Pasipo chombo kile, maneno ya mkataba yangekuwa bure forodhani.

Pombe yetu ya nafaka haipimiki hivyo, kwa sababu utamu uliomo huiongezea uzito. Sharti kwanza ivukizwe.

Wapishi wa gongo huwasha kibiriti, nami nadhani hawajui kwamba wamerudia jambo la baruti. Moto huo hauonyeshi sumu. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa kileo kilichotiwa methanoli. Methanoli huwaka, na uzito wake wakaribia sana ule wa alkoholi. Hata tufe la Sikes lisingalizitofautisha.