Kusafiri na paka

Kusafiri na paka ni desturi ya kumchukua paka wa kufugwa katika safari ya mwenye paka, badala ya kumwacha nyumbani au kwa jirani. Makala hii inahusu hasa safari za likizo za barabarani, ambapo watu hulala katika gari-nyumba (gari lililotengenezewa vitanda, jiko na tangi la maji ndani yake), katika hema au katika nyumba za wageni.

Katika nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini desturi hii imeenea. Katika Afrika ya Mashariki hufanywa na watu wachache, lakini watu wengi husafirisha paka kwa sababu nyingine, kama vile uhamisho wa kazi, kuhama nyumba, au kukaa mkoani kwa wazazi kwa wiki kadhaa. Hatari na maandalizi ni yaleyale kwa wote.

Historia

Paka wa kufugwa ametokana na paka-pori wa Afrika (Felis lybica), ambaye hadi leo anaishi porini Tanzania na Kenya. Katika kisiwa cha Kupro wataalamu wa akiolojia walikuta mifupa ya paka aliyezikwa karibu na binadamu miaka 9,500 hivi iliyopita. Kwa kuwa paka-pori hawakuwako kisiwani humo kwa asili, paka huyo au wazazi wake walifikishwa huko kwa chombo cha baharini. Hivyo safari ya paka pamoja na binadamu ni ya kale sana.

Kwa karne nyingi mabaharia walichukua paka ili wawinde panya waliokula nafaka na kutafuna kamba. Paka mmoja wa meli anayejulikana sana ni Trim, wa nahodha Mwingereza Matthew Flinders. Alizaliwa melini mwaka 1799, akaizunguka Australia pamoja na bwana wake kati ya miaka 1801 na 1803, akapotea katika kisiwa cha Morisi mwaka 1804. Kwenye pwani ya Waswahili, paka wengi wanaoonekana katika vichochoro vya Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaishi mahali ambapo vyombo vya bahari vilitia nanga kwa karne nyingi.

Likizo ya kulala ndani ya gari ilianza Uingereza. Mwaka 1885 daktari na mwandishi William Gordon Stables alijengewa gari la kukokotwa na farasi lenye vitanda na jiko, akalitumia kutembelea nchi yake kwa starehe. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia magari madogo ya Volkswagen yaliyowekewa vitanda yaliwafikishia familia za kawaida likizo ya aina hiyo. Uingereza iliruhusu paka na mbwa waliochanjwa kuingia bila karantini ya miezi sita kuanzia mwaka 2000, kwa wanyama wanaotoka nchi zilizokubaliwa. Baada ya hapo ikawa rahisi zaidi kwa familia kuvuka kwenda Ufaransa au Hispania na paka wao.

Tabia ya paka na safari

Mbwa hufuata watu, lakini paka hushika mahali. Anazijua njia zake, maficho yake na harufu ambayo ameiacha mwenyewe kwa kusugua mashavu yake kwenye milango na viti. Akiondolewa hapo hupoteza alama zote kwa mara moja. Ndiyo sababu paka mpole anaweza kukwaruza au kukimbia siku ya safari bila ya kuwa mkorofi.

Paka husikia pia sauti nyembamba sana ambazo binadamu hasikii, hivyo kelele za injini, honi na muziki wa basi humchosha zaidi kuliko abiria wengine.

Si kila paka anafaa kusafirishwa. Paka mwenye mimba, mgonjwa, mzee sana, au yule ambaye hajawahi kufungiwa ndani ni heri aachwe. Katika mitaa yenye nyumba za kupanga na uwanja wa pamoja, kama ile ya Keko na Temeke jijini Dar es Salaam, paka mara nyingi ni wa uwanja mzima kuliko wa mtu mmoja. Kumwachia jirani fedha za dagaa kwa wiki mbili kunaweza kuwa wema mkubwa kuliko kumbeba.

Maandalizi

Jambo la kwanza ni sanduku. Linatakiwa liwe imara, lenye matundu ya hewa pande zote, na kubwa kiasi cha paka kusimama na kugeuka. Masanduku ya plastiki huuzwa madukani, lakini fundi seremala naye anaweza kutengeneza la mbao lenye mlango wa wavu. Keko inajulikana kwa mafundi wa samani walio kando ya barabara. Mbao ziachwe bila rangi wala dawa ya kuzuia mchwa, kwa sababu paka hulamba kila anapokanyaga. Tenga la kuku linafaa kwa mwendo mfupi tu. Gunia, kiroba au boksi lililofungwa kwa kamba havifai hata kidogo, kwani paka hukosa hewa au hutoboa na kutoroka.

Sanduku liwekwe wazi ndani ya nyumba wiki mbili au tatu kabla ya safari, likiwa na kitambaa anachokilalia. Kitambaa hicho kisifuliwe, kwa kuwa harufu yake ndiyo nyumba atakayokwenda nayo. Baada ya hapo azoeshwe kwa mwendo wa dakika 10, kisha nusu saa, kabla ya safari yenyewe.

Mambo mengine ya kuandaa ni haya:
- chakula alichokizoea, maji na bakuli;
- beseni la choo lenye mchanga au maranda ya mbao zisizotiwa dawa;
- mkanda wa kifuani wenye kamba, kwa kuwa mkanda wa shingoni peke yake unaweza kumkaba;
- kibati chenye namba ya simu ya mwenye paka;
- picha ya karibuni ya paka na cheti chake cha chanjo.

Paka asilishwe saa nne hadi sita kabla ya kuondoka ili asitapike, lakini maji apewe.

Njiani

Sanduku lifungwe kwa mkanda wa kiti au liwekwe sakafuni nyuma ya kiti cha mbele. Paka asiachwe huru gari linapokwenda. Akishtuka anaweza kuingia chini ya pedali za breki, na hapo hatari inakuwa ya watu wote waliomo garini.

Hatari kubwa zaidi katika ukanda wa pwani ni joto. Paka hatoki jasho mwilini kama binadamu. Jasho lake hutoka kwenye nyayo tu. Joto la kawaida la mwili wake ni kama nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi. Gari lililoegeshwa juani huwa tanuri kwa muda mfupi hata vioo vikiachwa wazi kidogo. Paka anayehema kwa mdomo wazi, anayetoa udenda na kuyumba amezidiwa na joto. Apelekwe kivulini, alowanishwe kwa maji ya kawaida yasiyo ya barafu, apepewe, kisha afikishwe kwa daktari wa mifugo.

Dawa za binadamu asipewe. Parasetamoli, ambayo karibu kila msafiri anayo mkobani, huua paka hata kwa kiasi kidogo, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja. Vilevile permethrini, iliyomo katika dawa nyingi za kupe za mbwa na katika baadhi ya dawa za kupulizia mahema na nguo, ni sumu kali kwake.

Kambini

Gari-nyumba lina faida moja: paka hulala mahali palepale kila usiku, ingawa nje panabadilika. Kwa sababu hiyo milango na madirisha yake huwekewa wavu, na paka hutolewa nje kwa kamba tu. Usiku abaki ndani. Nje kuna chatu, fisi, mbweha na hata chui, na katika sehemu zenye mbung'o anaweza kuambukizwa vimelea vya nagana.

Choo cha paka kisafishwe kila siku. Vimelea vya toksoplasma katika kinyesi chake huhitaji kati ya siku moja na tano kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo usafi wa kila siku hupunguza hatari. Kazi hiyo isifanywe na mwanamke mjamzito.

Paka akipotea, mara nyingi huwa amejificha karibu, chini ya gari au kichakani, akiwa kimya kwa hofu. Atafutwe usiku na alfajiri kwa tochi, kukiwa kimya. Kitambaa chake kiachwe kambini, na walinzi pamoja na uongozi wa mtaa au kijiji wapewe picha. Kuhamisha kambi mapema ni kumwondolea alama pekee anayoijua.

Hifadhi za taifa

Wanyama wa kufugwa nyumbani hawaruhusiwi kuingizwa katika hifadhi za taifa za Tanzania na Kenya. Sheria hiyo ina sababu. Mwaka 1994 virusi vya ugonjwa wa mbwa uitwao distemper viliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, na vilihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani. Tena, paka wa kufugwa huzaa na paka-pori, na uzao wa mchanganyiko hufuta polepole aina ya asili. Kwa hiyo mtu anayetaka kutembelea Mikumi, Serengeti au Tsavo anapaswa kupanga mahali pa kumwacha paka nje ya hifadhi.

Chanjo na sheria

Chanjo iliyo muhimu kuliko zote ni ya kichaa cha mbwa. Ingawa ugonjwa huu una jina la mbwa, paka naye huupata na kuuambukiza kwa kung'ata. Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 vya watu kwa mwaka duniani. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalikuwa karibu vifo 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza, ugonjwa hauna tiba. Mtu aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Paka huchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kama daktari anavyoelekeza.

Nchini Tanzania usafirishaji wa wanyama unaongozwa na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Msafiri aonane na ofisi ya mifugo ya wilaya kabla ya safari kuhusu cheti cha afya na kibali. Vipimo vya magonjwa ya wanyama hufanywa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, ambayo maabara yake kuu iko Temeke, jirani na Keko. Mifugo si jambo la Muungano, hivyo anayevuka kwa boti kwenda Unguja au Pemba anapaswa kuuliza masharti ya Zanzibar mapema. Anayevuka mpaka kama Namanga au Horohoro anahitaji pia kibali cha nchi anayoingia.

Masharti ya Umoja wa Ulaya ni makali zaidi. Paka awekewe chipu chini ya ngozi kwanza, kisha achanjwe. Kwa paka anayetoka Tanzania au Kenya, damu hupimwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, na kiwango cha kinga kisipungue 0.5 kwa mililita katika vipimo vya kimataifa. Kisha husubiriwa miezi mitatu kabla ya kusafiri. Aliyekuja na paka kutoka Ulaya huepuka kungoja huko iwapo kipimo kilifanywa na kuandikwa katika pasipoti ya paka kabla ya kuondoka. Asiyejua jambo hili hujikuta tiketi yake ya kurudi imefika, na paka bado haruhusiwi kupanda ndege.

Tazama pia
- Paka
- Paka-pori
- Kichaa cha mbwa
- Hifadhi za Taifa za Tanzania