Turbo: Kutoka spana hadi kompyuta

Mwaka 1905, mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi aliandikisha hataza ya mtambo unaotumia nguvu ya moshi wa injini kuisukumia injini hiyo hiyo hewa. Ndio mwanzo wa turbo.

Lakini hewa ikizidi, injini huharibika. Ndipo ikawekwa vali ya kupitishia moshi pembeni, ikizuiwa na springi. Fundi aliirekebisha kwa spana, akirefusha au kufupisha fimbo yake.

Nchini Kenya, turbo ilidhihirisha uwezo wake mwaka 1984, Björn Waldegård aliposhinda mbio za Safari kwa Toyota Celica. Kwenye nyanda za juu, turbo hufidia uhaba wa hewa.

Katika magari mengi ya sasa, vali hiyo huendeshwa na mota ya umeme. Fundi akiibadilisha, awe Queensbury, London, au barabara ya Kirinyaga, Nairobi, mara nyingi hulazimika kuunganisha kompyuta ili gari lijifunze upya vali inapofunga na inapofunguka. La sivyo, gari huweza kukosa nguvu.

Hivyo mwenye programu ndiye mwenye ufunguo. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya uliwalazimisha watengenezaji kuwapa mafundi wa kujitegemea taarifa za ukarabati, lakini kwa malipo. Spana hununuliwa mara moja. Programu nyingi hulipiwa kila mwaka.