Masoja wa CAS

Siku hizi unaweka nenosiri mara moja tu, na milango mingine yote inakufungukia: barua pepe, maktaba, masomo ya mtandaoni. Wengi hudhani kazi yote inafanywa na seva inayouliza nenosiri. Zii, kuna mwingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Shawn Bayern wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliunda mfumo unaoitwa CAS. Nenosiri unaionyesha seva moja tu. Seva inakupa tiketi, unaipeleka kwa programu unayotaka kutumia, na programu inaiuliza seva: hii tiketi ni halali? Swali hilo huulizwa na kijiprogramu kiitwacho klaienti. Huyo ndiye soja wa mlango.

Mwaka 2004 CAS ilihamia Jasig, muungano wa vyuo uliosimamia programu huria. Seva ilikuwa moja, lakini masoja walikuwa wengi: wa Java, wa .NET, wa PHP. Huyo wa PHP, phpCAS, alitokea Ufaransa, kwa watu wa vyuo waliokuwa kwenye mradi wa ESUP-Portail. Kila soja alikuwa na watunzaji wake na maelezo yake.

Mwaka 2014 ikagunduliwa kwamba masoja hao watatu walikuwa na kasoro ile ile. Waliingiza tiketi kwenye anwani ya swali bila kuisafisha, kwa hivyo mjanja angeweza kuchomeka maneno yake humo. Marekebisho yakatolewa: Java 3.3.2, .NET 1.0.2, phpCAS 1.3.3. Hebu fikiria kama timu moja ingeziba lake bila kuwaambia wenzake. Marekebisho ya programu huria husomwa na kila mtu, hata mwizi. Angeona njia ya kuingilia kwa wale wengine wawili.

Mwaka 2022 mambo yakawa magumu zaidi. phpCAS ilikuwa ikikisia anwani ya tovuti yake kutokana na maelezo yanayoletwa na ombi lenyewe, na mtumaji anaweza kuyabadilisha. Tiketi iliyotolewa kwa programu nyingine ingeweza kumfungulia mwizi akaunti yako. Toleo 1.6.0 lilikomesha kukisia: anayeisakinisha lazima aandike anwani ya tovuti yake mwenyewe.

Hapo msimbo peke yake haukutosha. Watunzaji hawakujua anwani yako, na programu ya jana haikuweza kuendelea na toleo jipya mpaka mtu aongeze mstari huo. Ukurasa unaoeleza mstari gani, uandikwe wapi na kwa nini, ukawa sehemu ya kufuli.

Kwa hivyo kama umejifunza PHP juzi na unatafuta pa kuanzia kwenye programu huria, usiogope kwamba huwezi kuandika msimbo mkubwa. Sakinisha klaienti kwa kufuata maelezo yake, hatua kwa hatua. Ukikwama mahali, andika sentensi iliyokosekana, kisha uwatumie watunzaji.